Kiboksi Kisichohitaji Dishi

Jumatatu, 3 Agosti 2015

Risiva imeamka tena alfajiri. Saa kumi na moja kasoro dakika tano, kama kawaida yake — kataa kake kekundu kakageuka kijani. Nami kila siku nawasha runinga nione, sijui nategemea nini. Kioo cha bluu. HAKUNA MAWIMBI.

Marehemu mume wangu ndiye aliyeitegesha, ili adhana ya Maka ituamshe. Saady amekufa, dishi lake limelala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo. Lakini risiva haijapewa taarifa. Mwaka na miezi mitano inatafuta. Nimeshindwa kuichomoa.

Kwenye chai Firdausi kaanza: mama, tununue king'amuzi, nyumba zote zinacho, mimi naenda kuangalia kwa watu kama yatima. Nikamwambia wewe ni yatima, kula muhogo. Kisha nikajuta. Ulimi wangu huu!

Mama mkwe hakubishana na mtu. Kasema tu Hija inakaribia. Saady alikuwa akimwonyesha Arafa kila mwaka, kiti chake kinasogezwa mbele kabisa. Mwaka jana hakuona. Kasema hajui kama kuna mwaka mwingine, akaendelea na tasbihi yake.

Huyo siwezi kumwambia ale muhogo.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekwenda Kibondo dukani kwa Khamisi, mdogo wake marehemu. Vumbi mpaka kwenye meno. Mji umechangamka, kila mtu anazungumzia Warundi wanaokuja na kambi ya wakimbizi ya Nduta kwamba itafunguliwa tena. Khamisi anauza runinga mpaka anasahau kula.

Kanipangia ving'amuzi vitatu mezani. Cha kwanza cha antena — yeye mwenyewe kakisukuma pembeni, kwamba milima yetu ya Kasulu itatuonyesha chenga tupu. Cha pili cha dishi dogo. Hicho ndicho anachokisifia, Maka inaonekana bure, fundi anapanda juu ya bati mara moja tu, dakika ishirini.

Cha tatu kiboksi cheusi, saizi ya kipande cha sabuni. Kinavuta picha kwenye intaneti. Unachomeka modemu, unaweka bando.

Nikauliza swali moja: kinahitaji mtu kupanda juu?

Hakihitaji.

Nikakichukua. Khamisi kajitahidi kunizuia, maskini, mfanyabiashara anayekataa kuuza. "Shemeji, hicho ni cha watu wa Dar. Huku kwetu hata ujumbe wa simu unafika umechoka." Nikamwambia kifunge.

Ijumaa, 7 Agosti

Nitaandika hili mara moja na sitalisoma tena.

Kutega dishi ni kazi ya watu wawili. Mmoja juu anazungusha, mmoja ndani anaangalia kioo na kupaza sauti: bado, bado, rudi kidogo, hapo hapo! Aliye juu haoni kitu. Anaziamini sauti za chini. Miaka yote mtu wa chini nilikuwa mimi.

Siku ile, Machi 12 mwaka jana, nilikuwa na hasira. Upepo ulipindua dishi letu tangu Ijumaa, na yeye alikuwa akizunguka kutengeneza ya wenzake. Jumatano ndiyo akapanda, manyunyu yameanza. Mawimbi yakafika hamsini na nane. Picha ikaja safi. Sauti ikatoka. Nikaizima upesi asisikie huko juu.

Akauliza, "Vipi huko?"

Nikasema, "Bado."

Nilitaka alowe kidogo tu. Wallahi, kidogo tu. Akauliza tena, nikasema bado, sogeza. Akajinyoosha. Bati lilikuwa limeshalowa.

Firdausi alikuwa shuleni. Mama mkwe alikuwa kitandani kwake, nyuma ya pazia, amelala usingizi wa dawa za mguu. Hakuna aliyejua. Watu walinishika mikono wakasema ni kazi ya Mungu. Nikaitikia.

Jumamosi, 15 Agosti

Kiboksi kimefungwa! Firdausi kakifunga mwenyewe, kwa vidole vile vya baba yake. Ili kukichomeka ilibidi kuchomoa waya wa risiva. Nikatoka nje, nikajifanya nafua.

Maka ikaonekana. Kweli! Mama mkwe kasogezwa mbele, kavaa miwani, analia na kucheka. Dakika kama nne hivi. Kisha picha ikaganda, katikati kakaja kaduara kanazunguka, kanazunguka. Firdausi akaenda na modemu dirishani. Kakazunguka. Akaipeleka juu ya kabati. Kakazunguka.

Baada ya muda mama mkwe akauliza, kwa adabu zake, kama wale wanaozunguka ndio mahujaji wanaotufu. Firdausi kacheka mpaka kakaa chini. Mimi pia. Siku nyingi sijacheka namna ile, na katikati ya kicheko nikaliona shimo kwenye dari, pale msumari wa dishi ulipong'oka. 

Jumatano, 26 Agosti

Bando linakwisha kabla ya tangazo. Kaduara tu. Tumejaribu asubuhi, adhuhuri, baada ya Isha. Firdausi kasema hata modemu inatuonea huruma.

Jirani Venanti kapita. "Mwakeye," kanisalimu kwa Kiha kama kawaida yake, kisha kajitolea ngazi yake tukitaka fundi apande. Ngazi ile ile aliyopandia Saady! Hana baya, yeye ndiye aliyembeba Saady kumtoa uani. Nikamwambia tutaona.

Kuna jambo jingine. Alfajiri ya leo kataa ka risiva kakawa kijani. Firdausi kasema kairudisha kwenye umeme, anahifadhi ile orodha ya stesheni za baba. Haina dishi, sasa haina hata runinga, na bado inaamka. Nimeketi mbele yake mpaka jua likatoka. Ninaiogopa. Pia nikiikosa nitaumwa.

Ijumaa, 4 Septemba

Tumegombana na Firdausi. Kasema dishi dogo ndiyo dawa, bibi hana miaka ya kusubiri kaduara. Nikasema hapana. Kasema kwa nini. Nikasema hapana ni hapana.

Akasema, "Mama, unaogopa nini? Baba aliteleza tu."

Aliteleza tu.

Nikafungua mdomo nimwambie. Nikauliza kama maharage yamechemka.

Jumamosi, 12 Septemba

Wamenizunguka. Mama mkwe kauza mkufu wake wa Ujiji, Firdausi kapiga simu Kibondo, na asubuhi hii Khamisi katuma king'amuzi na dishi kwa basi. Fundi ni Abbasi, yule aliyekuwa akifanya kazi na Saady. Kaja na ngazi ya Venanti begani.  Kaniambia pole shemeji, najua, nitakuwa mwangalifu.

Hajui.

Nikamwambia Firdausi ndiye atakayeangalia kioo. Vizuri. Tukakubaliana. Mimi nikachukua daftari hili nikakaa pembeni, niandike ili mikono iwe na kazi. Kumbe kebo ni fupi, Firdausi katumwa dukani kwa kipande kingine, Abbasi kakiunganisha, na Firdausi karudishwa tena akafuate soketi. Abbasi hakumsubiri. Huko nje wingu limefunga, anataka amalize kabla ya matone.

Kwa hiyo ndani tuko wawili. Mimi, na mama mkwe kwenye kiti chake, mbele kabisa.

Yuko juu sasa. Nazisikia hatua zake, bati linaitika moja moja. Namba ya mawimbi kwenye kioo inasoma sifuri. Nimemwambia bado, na ni kweli ni bado. Sauti yangu imetoka sawasawa.

Kumi na mbili. Bado.

Thelathini. Bado. Anaomba nimwambie upande gani. Kushoto kidogo, Abbasi.

Tone la kwanza limepiga bati. La pili.

Namba imeruka. Hamsini na nane. Picha imekuja, safi, mtu amevaa kilemba cheupe anasoma. Rimoti iko mapajani mwangu, na kidole changu kimekaa pale pale, kwenye kitufe cha kuzima sauti. Mimi sikukiweka. Naandika kwa mkono mmoja. Neno ni moja tu, hapo hapo, mtoto mdogo anaweza kulisema. 

"Shemeji, vipi huko?"

Mama mkwe hajageuka. Anatazama kioo. Kasema taratibu, kama anayeomba maji:

"Leo usiizime sauti, mwanangu."

Nyuma ya pazia. Siku ile. Macho wazi, nyuma ya pazia, na mwaka mzima na nusu anakula kwa mkono wangu.

Abbasi anauliza tena. Mvua imeanza kweli. Bati linalia, anajinyoosha —