Zamu Yako ya Mwisho, Shemeji

Iringa, 1975

Shemeji Ambwene,

Tumemfunga! Nilitaka kuanza na salamu za heshima, lakini kalamu imekataa. Tumemfunga Mzee Mwaluko, mwenye mashine ya mpunga wa Ubaruku, mbele ya watu, uani kwako Igawa.

Unakumbuka alivyotucheka mwanzo? Wewe fundi pancha wa Igawa una drafti ya mbao, imechongwa ikachongeka. Mimi fundi cherehani wa Iringa nina kipande cha katoni na vizibo vya soda. Ukamwambia tutacheza upande mmoja dhidi yake, zamu moja yako, zamu moja yangu, barua zipitie kwa dereva wa basi. Akasema, "Mbao na katoni vitasikilizana wapi? Njooni hata kumi." Tukavipa vyumba vyeusi namba, moja hadi thelathini na mbili, tukajiona wasomi.

Halafu zile wiki tatu za aibu! Kila barua yangu unaijibu kwamba kete yangu imepita ukutani. Mimi nikaona umezeeka, wewe ukamwuliza mkeo, dada yangu, kama kwetu hesabu inafundishwa. Kumbe nilikuwa nimeilaza katoni upande, ile njia ndefu ya kona kwa kona ikaangukia mkono usio wake. "Igeuze robo, andika namba upya, na usimwambie mtu," ukaandika. Nimeshamwambia kila mtu, Shemeji. Nisamehe.

Homa ilikuchukua kwa siku nne tu. Niliporudi kutoka mazikoni, dereva alinipa stendi barua uliyoandika ungali unaweza kukaa. "Kumi na nane kwenda ishirini na mbili. Usiogope." Nikakisogeza kizibo kwenye katoni. Ulikuwa unampa Mzee kete ya bure! Nililia, kisha nikakasirika. Nikadhani imeandika homa, si wewe.

Siku ya kuondoa matanga nikarudi Igawa. Wanaume walikuwa wakicheza drafti uani, kama kawaida ya msibani, ila ubao wetu dada alikuwa ameuweka kando, hakuna kete iliyoguswa. Mzee akanivuta pembeni. "Mwanangu, tuseme sare. Marehemu hafungwi." Ilikuwa heshima kubwa. Nami nilikuwa na njia yangu ya salama, ambayo ingetupa sare hiyohiyo. Lakini wewe sare ulikuwa unaiita ugali bila mboga. Nikikataa halafu tukafungwa, watu watasema nimemwaibisha shemeji yangu kwenye matanga yake mwenyewe. Kusema kweli, hesabu yako sikuiona. Nilikupenda tu, nikasukuma kumi na nane kwenda ishirini na mbili.

Watu wakaguna. Mzee akala, maana kula ni lazima, na alipokula ndipo nikaona ulichokuwa umekiona: nyuma kwake mlango uko wazi. Nikala tatu mfululizo, nikaingia kingi! Dada akapiga kigelegele. Kwenye matanga, Shemeji! Akafunika mdomo, kisha akapiga cha pili. Mzee aliuangalia ubao mpaka nikaogopa, halafu akacheka hadi akajifuta machozi. "Jamani, huyu marehemu ananifunga akiwa wapi?"

Nikageuka nikutazame, kabla sijakumbuka. Hapo tu ndipo furaha iliponiuma.

Sasa sikia maajabu. Mzee ameomba kuingia upande wetu, tuwakabili madereva wa Mbeya. Ubao wako uko kwa dada, naye Mzee huja Jumapili kucheza zamu yake. Barua yake ya kwanza imenifikia jana, mwandiko mbaya kuliko wako. Anataka tucheze kwa tahadhari, eti tusitoe kete ovyo.

Nimemjibu kwamba upande huu una wachezaji watatu, na yule wa tatu hapendi tahadhari.

Pumzika, Shemeji. Nakuahidi, maadamu basi linapita Igawa, sare hatutaomba.

Shemeji yako wa katoni