Ushindi Ulioishia Chooni

Ruairí, usicheke. Mbio za farasi ishirini na sita bila ushindi, na leo hapa Tramore nimeshinda.

Nimeshinda!

Unaijua ile ndoo? Mpanda farasi akishinda mara ya kwanza humwagiwa maji, na mwagaji mkuu ni mimi. Nikamwona Fintan, mpanda mwenzangu niliyewahi kummwagia, mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo na ndoo ya maji ya barafu. Mimi huyo, chooni, nikajifungia.

Nikasahau mizani. Usipopimwa uzito baada ya mbio, ushindi unafutwa.

Wameufuta, ndugu yangu. Kisa ndoo!

Nikatoka chooni kwa heshima zote.

"Umepimwa?" Fintan akauliza.

"Sijapimwa."

"Pole, bingwa." Akanimwagia yote.

Mama ameshampigia padri kumtangazia ushindi. Mpigie Mama wewe umwambie umefutwa, mimi nimelowa.