Mama Paskasi Wawili

Maisaka,
Babati.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Wilhelmina,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na joto la Mtwara umeshalizoea, au bado mnagombana? Sisi huku tu wazima. Baridi imeingia, mahindi tumevuna, mama anapukuchua huku anakuulizia.

Nimeamua kuandika maana kwenye simu ningecheka tu usinielewe. Shangazi, harusi ipo. Najua uliambiwa imevunjika, na kweli ilivunjika. Aliyeivunja ni kompyuta.

Unamkumbuka Jesse wa baba mdogo Remigius, anayesoma Dodoma. Utafiti wake ni kuangalia koo zetu za Kiiraqw zinavyooana. Kila mtu anamweka kama nukta, halafu anachora mistari: huyu kamzaa huyu, huyu kamwoa huyu. Kompyuta inatafuta njia fupi kuliko zote kati ya watu wawili. Kazi nzuri, sikatai, ila Jesse naye anapenda sifa. Wazee wa pande zote wamekaa kupanga mahari, yeye akafungua mashine yake, akaandika jina langu na la Sylvanus.

Njia ikatokea, tena fupi. Ikapita kwa Mama Paskasi, bibi yenu wewe na baba, na eti ni bibi wa mama yake Sylvanus pia. Wazee wakasema huenda aliolewa Dareda kabla ya kuja Maisaka. Damu moja, basi. Chai ikapoa vikombeni. Nililia, Shangazi, mpaka mama akaacha kunibembeleza.

Kilio kilipoisha nikapata hasira. Nikamwambia Jesse anionyeshe hizo nukta zake. Nikaona Mama Paskasi ana kifungua mimba Paskasi Marcelino, Maisaka. Na kifungua mimba mwingine, Paskasi Yohanes, Dareda. Jamani, nani anazaa mtoto wa kwanza mara mbili?

Jesse akashika kichwa. Wanaume aliwaandika kwa majina ya baba zao, wanawake akawaandika tunavyowaita. Mama Paskasi wote wa wilaya hii kawafanya mtu mmoja. Tukauliza majina ya ubatizo: bibi yenu ni Rosa, wa Dareda ni Brigita. Jesse akawatenganisha, akaiendesha tena kompyuta mbele ya wazee walewale, na njia haikuwepo. Baba akamwamuru arudie, kwa raha tu. Nimefurahi mpaka nimekonda.

Ndoa ni Septemba, Jumamosi ya pili. Njoo mapema, maana bila shangazi siondoki nyumbani.

Msalimie Baba Severini, na jirani yako Hadija. Mungu alinyooshe hilo goti, utacheza sana.

Mstari wangu na Sylvanus, Jesse atauchora siku hiyohiyo, tukitoka kanisani. Na Mungu akitujalia mtoto wa kwanza, jina utatoa wewe Shangazi. Lolote utakalopenda, ila Paskasi hapana.

Mimi mwanao nikupendaye,
Ritha