Dawa Iliyolala Chini ya Chupa

Mjukuu wangu Ngoie,

Sisi wa Kapata tu wazima, na bibi yako ameanza kuvuna mihogo. Unauliza kama umwongezee mtoto wako kijiko cha dawa ya sirapu, kwa kuwa siku mbili zimepita bila nafuu.

Hata mimi nilitaka kuongeza. Enzi za Zaire, nikiwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, baba yako, akiwa bado mtoto, aliugua kifua. Karatasi ya chupa niliisoma yote; agizo la kutikisa nikaliona ni la wasiosoma. Siku ya tatu homa ilipanda. Mama yangu akainua chupa dirishani.

"Mutoto wangu, dawa imelala chini."

"Mama, hii si kinywaji cha munkoyo wa mahindi."

"Munkoyo usipotikisa, wa kwanza anakunywa maji, wa mwisho anakula unga."

Nilibishana naye hadi zahanati. Muuguzi alitupatia chupa mpya na kutuagiza: tutikise kila mara, tusiongeze kijiko, tumalize siku zote hata homa ikiisha.

Basi usiongeze, mpeleke mtoto kwa muuguzi leo, pamoja na chupa.

Baba yako alipona. Siku ile mama aliniita niwe wa kwanza kunywa. Alinimiminia munkoyo, bila kuutikisa.

Babu yako