Nyumba Iliyozibwa Pumzi

Dauphin, Manitoba
11 Januari

Mdogo wangu Orysia,

Pokea salamu kutoka kwa kaka yako Metro, mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kuvaa buti za theluji katika mkoa huu. Usicheke. Nani mwingine unayemjua ambaye nyumba yake imejaa sumu, akalala ndani ya sumu hiyo, akaamka mwenyewe kwa wakati, akamkokota mama yake mpaka nje, na leo amekaa mezani anakunywa chai? Nimeshawasimulia wote pale ukumbi wa kerlingi, tunaposukumia mawe yetu kwenye barafu, na kila nikirudia nazidi kuwa na nguvu.

Natumaini hamjambo huko Victoria, na goti la shemeji Clifford limepoa. Nasikia kwenu mnavaa vijikoti na kulalamikia mvua. Hapa ukitema mate yanafika chini yakiwa jiwe. Mama anaendelea vizuri. Wamemvua ile barakoa ya oksijeni, amekula supu ya bitiruti ya hospitali na kumuuliza nesi kama chumvi imepigwa marufuku. Kwa hiyo ni yeye yule.

Ulisema kwenye simu kwamba unakuja Ijumaa, na kwamba umeshampatia chumba kwenye nyumba ya wazee, kwa sababu mtu anayeziba bomba la hewa kwa sweta hawezi tena kuachwa na jiko. Nimeona nikuandikie, barua ikuwahi kabla hujafunga mizigo. Simu siiwezi. Kwenye simu mdomo wangu hukimbia mbele na mimi nabaki nyuma nauita.

Nikuelezee ile siku yenyewe. Ilikuwa mkesha wa Krismasi yetu ya Januari, baridi ya kupasua miti. Mama alikuwa anakunja perohe tangu asubuhi, vile vifurushi vya unga vya viazi na vya kabichi, masufuria yanatokota jiko zima. Juu ya jiko ile feni ya kufyonza mvuke inanguruma. Hujaiona bado. Niliitoa kwenye mgahawa uliofungwa kule barabara kuu, nikamfungia Mama kwa mikono yangu mwenyewe, nikiwaambia majirani kwamba ukisimama chini yake itakuvua kofia. Mashine ya kukausha nguo nayo ilikuwa inazunguka na vitambaa vya meza. Madirisha ni yale mapya niliyoweka vuli iliyopita, na juu yake nikabandika nailoni ya msimu wa baridi, maana mimi nikifunga kitu nakifunga. Upepo hauna pa kupenya. Nilijisifu mpaka nikachoka.

Mama alikuwa akilalamika kichwa tangu wiki ya kabla. Nilimwambia ni mafua. Mimi mwenyewe nilikuwa nahisi kichefuchefu, nikasema ni vitunguu. Vioo vilikuwa vinatiririka maji, nikasema ni mvuke wa perohe. Nina jibu la kila kitu, unanijua. Alasiri nikashuka chini kutazama kerlingi kwenye televisheni, nikajilaza kwenye kochi lililo karibu na tanuri la gesi linalopasha nyumba nzima, pale penye joto tamu. Mengine umeyasikia kwenye simu, gari la wagonjwa na kelele zote.

Siku iliyofuata kampuni ya gesi ilimtuma fundi, mwanamke anaitwa Yvonne Desjarlais, mabega mapana, mdomo mpana zaidi. Akaitazama feni yangu akauliza nani aliifunga. Nikasema mimi. Akasema alijua tu, ina sura ya kazi ya mtu anayejiamini.

Akanishusha chini. Akawasha kijiti cha moshi na kukishika pale moshi wa tanuri unapoingia kwenye dohani. Moshi ulipaswa kupanda juu uende zake. Akaniagiza nipande niwashe feni na ile mashine ya nguo, kisha nirudi nitazame. Orysia, nilirudi nikatazama. Ule moshi ulisita, ukajikunja kama mtu aliyeitwa jina, ukageuka ukatujia usoni. Nikakaa kwenye ngazi.

Yvonne akasema, "Unaona, mzee? Feni yako inatoa hewa nje. Mashine ya nguo inatoa hewa nje. Nyumba umeifunga kama chupa. Sasa itavuta wapi hewa nyingine? Inaivuta kwenye dohani. Na tanuri nalo linataka hewa ya kuunguza gesi, halipati, linaunguza vibaya, linatoa sumu isiyo na harufu, na sumu hiyo hairuhusiwi kutoka. Inarudi kwenye kochi lako."

Nikamwambia kuna bomba linaloleta hewa ya nje mpaka miguuni pa tanuri, limekuwepo miaka yote. Akasema ndiyo, analiona, ila haoni hewa. Akapiga magoti, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akaanza kuvuta, akivuta kidogo kidogo kama anazalisha ndama. Likatoka sweta la kijani. Akachukua kijiti chake tena, feni bado inanguruma juu, na ule moshi ukanyooka ukapanda dohani. Basi. Hivyo tu. Ningeweza kulia.

Hapo hapo akafunga gesi, akatundika kibandiko chekundu cha kukataza tanuri lisiwashwe. Akasema nusu ya mji huu wametia matambara kwenye lile bomba, kwa sababu linaingiza baridi ya kung'ata miguu na watu wanadhani ni kasoro. Na ni kweli. Marehemu Baba alikuwa akitia gunia la shayiri kila Novemba. Lakini nyumba ya Baba ilikuwa inavuja upepo kila pembe, ilipumua yenyewe hata ukiliziba bomba. Mimi nimeziba na pembe.

Jana wametufungia tanuri jipya. Lina mabomba mawili yanayotoka ukutani, moja la kuvuta hewa ya nje na moja la kupumulia nje, halichukui hata pumzi moja ya chumbani. Yvonne ameniambia kazi yangu ni moja tu, kupiga koleo theluji isiyafunike. Amefunga ving'ora vya sumu juu na chini. Na feni yangu ameitazama akaniambia ikirudi kuwashwa kabla hajaiwekea njia yake ya hewa, atakuja kunifyonza mimi.

Sasa nisikilize. Naogopa. Tanuri likiwaka, lile dundo lake dogo, natoka nje na koti juu ya pajama kwenda kuyatazama mabomba. Narudi, nakaa, linawaka tena, natoka tena. Jirani anadhani nimeanza kunywa. Nakigusa kile king'ora kama mtu anayempima mtoto homa. Hospitali naenda kila siku, na kila siku nafika mlangoni nikihesabu kama kifua cha Mama kinapanda na kushuka, ndipo niingie na mzaha wangu.

Lile sweta lina jina kifuani, limeshonwa kwa uzi mweupe. Ni sweta la timu ya kerlingi. Limeandikwa Metro. Yvonne alilisoma, akanitazama, akalikunja, akanipa. Nililitia mimi, Oktoba, kwa sababu nilikuwa napigwa baridi kwenye kochi. Na king'ora cha sumu cha zamani ni mimi niliyekitoa betri. Kilikuwa kinalia kila nikitazama mchezo, nikaona kinanisumbua, nikaitia betri kwenye redio.

Uliponiuliza kwenye simu ni mjinga gani aliyefanya hivyo, nilikuwa nimesimama kwenye korido la hospitali, Mama yuko nyuma ya pazia na barakoa usoni, na mdomo wangu ukasema ni Mama. Alipozinduka nilimwambia nilichokuambia. Nilitegemea anitukane mpaka kwa mababu. Akavuta pumzi akasema, "Kama umeshamwambia dada yako ni mimi, basi acha iwe mimi. Wewe bado unatafuta mke."

Lakini hajui habari ya chumba. Sijathubutu kumwambia. Anaongea habari za kupanda vitunguu saumu, na kwamba perohe zilizobaki ziko kwenye friza tusizile bila yeye. Amechukua kosa langu akidhani ni dogo, hajui kwamba utakuja Ijumaa umhamishe nyumbani kwake kwa sababu ya kosa hilo. Mama hajaharibikiwa akili, Orysia. Aliyeharibikiwa ni mimi. Njoo Ijumaa, njoo ukae, njoo unitukane jikoni mbele ya majirani ukitaka, lakini kile chumba kirudishe. Akikosekana mtu wa kulala humo, nipeleke mimi.

Msalimie sana shemeji, na watoto, na huyo mkwe mpya asiyekula nyama, Mama amesema atampikia uyoga. Usafiri salama. Ukifika uwanja wa ndege wa Winnipeg nipigie, nitakuja na gari, nitanyamaza njia nzima.

Na ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Sikuamka. Mama alishuka kuchukua chupa ya kabichi akanikuta nimekuwa mwekundu kama bitiruti, sisikii. Akavunja dirisha kwa ile chupa, akanizaba makofi mpaka nikafumbua macho, akanisukuma ngazi zote kwa bega lake, huku anakohoa. Mimi nilianguka kwenye theluji, yeye akaangukia mlangoni. Sikumtoa Mama. Mama ndiye aliyenitoa.

Kaka yako,
Metro