Radhi ya Kwenda Lombadia

Jumatatu, 7 Oktoba
Foleni ya sukari tangu alfajiri. Nimerudi mikono mitupu. Mume wangu Bakari nimemkuta barazani, anawahadithia wanaume wa mtaa wetu wa Ngamiani habari za Lombadia yake, huko kaskazini mwa Italia. Alipelekwa miezi sita kujifunza mashine za kusokota katani, na huu mwaka wa pili hadithi haziishi. Maziwa katikati ya milima. Theluji juu, malimau chini. Kanisa la marumaru ambalo watu hupanda wakatembea paani. Nimepita bila salamu. Naichukia Lombadia.

Jumatano, 9 Oktoba
Leo zamu ya mpunga. Eti mabonde ya mpunga hayana mwisho, na wali wanaupika rojorojo, wanautia zafarani na jibini. Mimi binti wa Pemba. Kwetu wali wa hivyo umeharibika. Wanaume wakataka zaidi. Jioni tumekula makopa ya muhogo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Kumbe hadithi zilikuwa utangulizi. Kiwanda cha huko kimemwita, kazi ya miaka mitatu. Keshakubali. Nimeambiwa mwisho, baada ya muuza kahawa.

Jumapili, 13 Oktoba
Anazunguka kuaga. Msafiri haondoki bila radhi ya watu wake. Kafika Maramba kwa shangazi, Muheza kwa kaka yake. Wote wamempa. Nimebaki mimi. Kaja, kakaa mkekani.
"Mke wangu, nipe radhi yako niende."
"Sikupi."
Nikaendelea kuchambua mchicha.

Jumanne, 15 Oktoba
Mama yake kaja. Nimemwamkia shikamoo, nimemwekea kiti. "Mwanangu, mume hafungwi kamba," kasema. Nimemjibu simfungi, mlango uko wazi, ila radhi sitoi. Sote twajua Bakari hathubutu kuvuka bahari na kinyongo changu. Mjomba wake alisafiri hivyo, hakurudi. Hapo ndipo nilipomshika. Na nafurahi, sifichi.

Ijumaa, 18 Oktoba
Ndege imeondoka bila yeye. Hakunilaumu. Barazani wamemwuliza habari za yale maziwa, kasema kasahau.

Jumanne, 22 Oktoba
Bakari anakula ninachopika, anashukuru, anaosha mikono. Hagombi. Afadhali angegomba.
Leo asubuhi kasimama mlangoni, kofia kichwani, akaniomba radhi aende sokoni. Nikadhani ananitania. Nikamtazama usoni. Alikuwa anasubiri jibu.