Ng'ombe wa Mkwe Ametema Majani

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Natangaza rasmi, mbele yako na mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili, kwamba jana asubuhi ng'ombe wa mkwe wangu alitema majani.

Usicheke, naomba msaada, kwani ng'ombe huyu si wangu, mkwe wangu mzee Ernesti alinikabidhi nimtunze kwa desturi ya kwetu milimani, ndama wa kwanza wa mwenye ng'ombe na wa pili wa mtunzaji, na huyu aliye tumboni ndiye wa pili, lakini mzee akimkuta ng'ombe kakonda atamchukua na mimba yake, naye anateremka kutoka Lushoto Jumamosi. Basi mimi niliwahi kumsikia bwana shamba akisifu klova, kwamba ni jani la tatu tatu linalojaza maziwa, nilipokwenda nyumbani nikayachimba kando ya njia ya kanisani, nikayaleta huku pwani Nguvumali kwa kikapu, nikang'oa nyasi zote nikayapanda, yakatanda kama mkeka, watu wakaja kutazama nami nikawahutubia. Ng'ombe akionja, anageuza uso. Nikasema ni ushamba wake, atazoea. Jana akayatema, na jirani yetu Mariambai, mke wa mwenye duka, akachuma jani, akatafuna, akapiga kelele: "Ya Allah! Bwana Manase, chachu kama ndimu! Ng'ombe gani anakula achari?" Mke wangu Bibiana akamjibu, "Mwache, mama, baba akija tutamtilia hayo kwenye kachumbari." Mshauri, nifanye nini? Nimwambie mzee kwamba ng'ombe karogwa?

Manase, Nguvumali

Bwana Manase, marahaba. Nimesoma barua yako, nikafuta miwani, nikaisoma tena. Umeng'oa nyasi! Chakula cha ng'ombe tangu Nuhu! Na sasa unamsingizia mchawi? Mchawi gani amekosa kazi kiasi hicho?

Pole, lakini. Ulihesabu majani matatu ukaishia hapo. Kila kipande cha jani la klova kina umbo la yai, mara nyingi kina alama nyeupe katikati, na maua yake madogo hukusanyika yakawa kifundo cha mviringo. Chako kina umbo la moyo: hilo ni gugu chachu la milimani, si klova, na ukali wake ukizidi humharibu ng'ombe figo. Ulimi ulikuwa nao, ukamwachia Mariambai kazi.

Mwondoe ng'ombe hapo leo hii. Mkatie nyasi ndefu za mabingobingo, umwongezee marando ya viazi na majani ya kunde. Kunde ni jamaa ya klova, nazo hurutubisha udongo vilevile. Hayo yako yang'oe pamoja na vinundu vyake vya mizizini, vilivyo kama vitunguu, la sivyo yatarudi. Uchawi usiutaje: mzee atalitambua jani hilo kabla hajavua kofia. Mpokee stesheni, umweleze kosa lako njiani, kabla Bibiana hajafungua mdomo. Anayekiri mapema huachiwa heshima, pengine na ndama.

Na akikuahidi mbegu ya klova ya kweli, mshukuru, uikatae. Klova hutaka baridi. Nguvumali haioti.